Msanii asinyamaze jina lake likitumiwa

Mwezi wa Mei 2022, muungano wa Azimio ulitumia wimbo "Extravaganza" wa Sauti Sol katika video ya kampeni. Kundi hilo lilitangaza upesi kwamba halikutoa idhini wala halikufungamana na chama chochote. Lilitenda la busara, kwani mtandaoni kimya huhesabiwa kuwa ridhaa.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humruhusu msanii kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Marekebisho ya 2019 yaliongeza njia ya kuzipelekea kampuni za intaneti ilani ya kuondoa kazi iliyotumiwa bila idhini. Lakini ilani hiyo haijiandiki. Wasanii wetu wasingoje hadi mashabiki wawakimbie: usipoziba ufa, utajenga ukuta.