Waraka kwa wanachama: mikopo chechefu kwanza, gawio baadaye

Ndugu wanachama wenzangu,

Kamati ya usimamizi imepitia jalada moja la mkopo ambalo limeninyima usingizi. Mkopaji hajarejesha hata shilingi kwa miezi 14. Kila deni lilipoiva alipewa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani, na riba ikaingizwa humo humo. Katika taarifa ya bodi mkopo huo unasomeka kuwa mzima, na riba yake imehesabiwa faida. Faida hiyo ndiyo tunayoahidiwa kugawana Jumamosi.

Njia hii imeshapitiwa na wengine. Marekani, vyama vya akiba na mikopo ya nyumba vilipokea akiba ambayo mwenyewe angeweza kuitoa upesi, vikaikopesha kwa miaka 30 kwa riba isiyobadilika. Benki Kuu chini ya Paul Volcker ilipobana fedha kuanzia Oktoba 1979 ili kuukomesha mfumuko wa bei, riba ilipaa. Mikopo ya zamani ikawa inaingiza kidogo kuliko walichodai wenye akiba. Kufikia 1982 vyama vingi vilikuwa mufilisi.

Hapo vingefungwa, hasara ingekuwa na mwisho. Badala yake kanuni za hesabu zililegezwa. Mwaka 1980 kinga ya amana ilipandishwa kutoka dola 40,000 hadi 100,000, na sheria ya 1982 ikavifungulia zaidi mlango wa kukopesha majengo ya biashara. Asiye na mtaji wa kupoteza akabahatisha kwa akiba za watu. Huko Mesquite, Texas, Empire Savings ilikopesha ujenzi wa nyumba za ghorofa kandokando ya barabara kuu. Kiwanja kimoja kiliuzwa na kuuzwa tena siku hiyo hiyo, bei ikipanda kila mkono, ili mkopo nao upande. Nyumba nyingi hazikupata wakazi, na chama kikafungwa 1984. Huko California, wazee waliuziwa hatifungani zisizo na bima ndani ya matawi ya Lincoln Savings, chama cha Charles Keating, mahali walipozoea kuweka akiba. Mwaka 1989 zikawa karatasi tupu.

Kati ya 1986 na 1995 vilifungwa vyama zaidi ya 1,000. Walipa kodi walibeba takriban dola bilioni 124. Nyuma ya chama chetu hakuna mlipa kodi wala kinga ya amana. Kuna akiba zetu tu.

Najua mkopaji ni mwenzetu, na baadhi yetu ni wadhamini wake. Aibu hiyo tuivumilie. Nawasihi tukatae gawio hadi fedha za kufidia mikopo chechefu zitengwe, na tulikatae pendekezo la kukopesha wafanyabiashara wa viwanja. Tudai pia orodha ya kila mkopo ulioongezewa muda.

Taarifa ziko ofisini kuanzia kesho asubuhi. Ukifika, anza na ukurasa wa marejesho yaliyochelewa.

Wenu katika ushirika,
Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi