Mvulana wa Singida asisubiriwe Dar

Septemba 2025 ilikuwa neema kwa Singida. Jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huo, alifika mstarini pamoja na Mjerumani Amanal Petros katika marathoni ya dunia. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha iamue, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Mwezi huohuo Singida Black Stars wakatwaa Kombe la Kagame. Aliye mbali angedhani wavulana wa mkoa huu mambo yao yamenyooka.

Simbu ni mmoja tu. Wengi wanaokulia Ikungi, Iramba au Manyoni wanaijua njia nyingine: kuchunga ng'ombe, kukatisha masomo, kisha kupanda basi la Dodoma, Arusha au Dar es Salaam kwenda kuuza mitumba, kulinda mageti au kusaka kibarua cha siku. Wanaobaki hukutana kijiweni. Kijiwe chenyewe hakina dhambi. Bodaboda husubiri abiria hapo, na mabao ya Jumapili hurudiwa mpaka Jumatano. Anayekosekana ni mtu mzima wa kumuuliza kijana amepanga kufanya nini na maisha yake, kisha akakaa kusikiliza jibu.

Asasi za kijamii mkoani humo zimeelekeza nguvu kubwa kwa wasichana, na zina haki. Singida imo katika orodha ya mikoa ambako ukeketaji haujakoma, na kazi hiyo isipunguzwe hata kidogo. Ila binti anayekataa kukeketwa ana kaka, na kesho atakuwa na mume. Hao wamefundishwa na nani?

Dar es Salaam ilijaribu mapema kuwalea wavulana waliotoka makwao. Kituo cha Dogodogo, kilichoanzishwa mwaka 1992 na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, kiliwapa watoto wa mitaani malazi, masomo na ufundi. Kazi njema, lakini ilimkuta mtoto amekwisha kulala barazani.

Nairobi walianzia nyumbani kwa watoto wenyewe. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilizaliwa mwaka 1987 katikati ya mitaa ya mabanda, na timu zake zilipata pointi za ligi kwa kufunga mabao na pia kwa kusafisha mitaa yao. Mwenye kuibeza mitaro iliyozolewa taka akumbuke kwamba Mathare United, iliyotoka humo, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2008.

Chicago nako, shirika la Youth Guidance huwakusanya wavulana shuleni, wengi wao weusi na Walatino, mara moja kwa wiki. Hukaa duara na mlezi wa kiume, wakazungumzia hasira, ahadi na ubaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliona kukamatwa kwa makosa ya ukatili kukipungua kwa karibu nusu katika kipindi cha programu. Mafanikio hayo hayakudumu ilipokwisha, na hapo ndipo penye somo kwa wapenzi wetu wa miradi ya miezi sita yenye fulana na bango.

Singida haihitaji jengo jipya ili wavulana wake wakae hivyo na mlezi kila wiki. Darasa huwa tupu saa kumi jioni. Mwalimu mstaafu yupo, fundi seremala yupo, mkulima wa alizeti aliyesomesha watoto wake yupo. Fedha nazo zina mlango, ingawa ni mwembamba: sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na vijana wana asilimia 4. Lakini huo ni mkopo wa kikundi cha watu waliofikisha miaka 18. Mvulana wa miaka 14 hakopesheki, na huyo ndiye anayeufikiria mkoba na basi.

Madiwani wa halmashauri za Singida watenge fungu dogo, nje ya mikopo hiyo, kwa ajili ya posho na mafunzo ya walezi, na liwe la miaka, lisiwe la msimu. Kila mlezi achunguzwe kwanza kabla hajakabidhiwa mtoto wa mtu. Na wazee wa kata wasingoje barua kutoka wilayani: waanze kuwataja wanaume wanaowaamini.