Hakuna Mbolea ya Bure Porini

Wiki iliyopita nilimsikia mgeni rasmi mmoja akiwahimiza vijana warudi shambani. Hapo sina ugomvi naye. Kisha akaongeza: tafuteni pori lisilowahi kuguswa na jembe, kando ya mto ikiwezekana, maana huko Mungu ameshaweka mbolea. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilitoka nimekasirika.

Mbolea hiyo iko wapi? Sehemu kubwa imo ndani ya miti yenyewe, kwenye majani yaliyooza na udongo wa juu usiozidi kiganja. Fyeka, choma, lima: naitrojeni nyingi ya miti hiyo inapaa na moshi siku ileile. Majivu yanabaki na potasiamu na fosforasi, ndiyo yanayoleta yale mahindi ya msimu wa kwanza ambayo kila mtu huyapiga picha. Udongo ukishavuliwa nguo na kupigwa jua, mboji inaoza upesi, na nitrati inazama na mvua kabla mizizi haijaifikia. Masika yakikolea, udongo wa juu nao unaondoka na fosforasi yake. Miaka michache baadaye unavuna mabua.

“Mbona wazee wetu walifyeka na hawakununua hata mfuko mmoja wa mbolea?” Wazee wetu walihama! Walivuna misimu michache, wakaliacha shamba lirudi kuwa pori kwa miaka. Wewe umeuziwa ekari tatu na dalali, bikoni zimeshasimikwa; utahamia wapi?

Waingereza waliingia Kongwa mwaka 1947 kulima karanga, na matrekta na imani hiyohiyo ya pori lenye mbolea. Mwaka 1951 mradi huo ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zimeteketea, na udongo umekauka mgumu kama sakafu.

Anayeumia si mkulima peke yake. Mto Ruvu unatoka milima ya Uluguru na ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Milima ikilimwa mpaka ukingoni, maji yanashuka mekundu, mitambo ya kusafisha maji inadai shabu zaidi, na bili tunalipa sisi. Fosforasi ikituama bwawani inalisha mwani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiongozi anayewatuma vijana kulima hapo anawatuma kuvunja sheria. Mashamba yaliyochoka yapo tele. Angewaambia wayachukue hayo, wayatie samadi, wapande mbaazi, wachimbe makingamaji.