Bwana amekufa na deni ya Leta: bibi analipa kwa sheria gani?

Wandugu, kuna maneno inazunguka katika makartie yetu na hatuiandike. Bwana anakufa, ao anakimbia nyumba, na nyuma yake watu wa kodi wanakuja kugonga kwa bibi: "Mama, bwana yako aliacha deni ya Leta. Lipa, ao tunafunga." Mama analipa, juu anaogopa. Sisi tunasema: mbele ya kulipa, Leta ijibu kwanza, na ijibu kwa maandishi.

Miye niko na diplome, kazi sina, njo maana watu wa avenue wananiletea makaratasi ya Kifaransa niwasomee. Jirani mumoja, mujane, alinionyesha ya kwake. Marehemu alikuwa na depo ya simenti. Yeye anauzisha unga na mafuta katika butike yake, na patente yake analipa kila mwaka. Karatasi waliyomuachia ilikuwa na jina ya marehemu na jumla kwa dola, basi. Mwaka ya deni hakuna, namna ya kodi hakuna, hesabu hakuna. Halafu wakasema wataweka kufuli kwenye butike. Deni ni ya depo, kufuli ni ya butike! Alipouliza, wakamujibu: "Si mulikuwa bibi na bwana?"

Ndiyo, walikuwa. Lakini sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987, iliyobadilishwa tarehe 15 Julai 2016, inajua namna tatu za mali katika ndoa: kila mumoja na yake, yale muliyopata ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili, ao vyote kuwa vya wote. Musipochagua, ile ya katikati njo inawashika. Wangapi kati yetu wanajua walichagua gani? Siku ya ndoa ya Leta watu wanawaza pagne, bia na mupiga picha. Na hata ile ya katikati haisemi kwamba bibi amekuwa bwana. Deni ya marehemu inatoka kwanza katika mali aliyoacha, na ni kazi ya mwenye kusimamia urithi kuilipa mbele ya kugawa.

Hapa njo kuna uongo mukubwa, na jamaa zetu ziko ndani. Katika urithi, batoto ni wa kwanza, wanapata sehemu tatu juu ya ine. Mujane yuko katika kundi ya pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Matanga haijaisha, shemeji amekwisha kuchukua funguo za depo na gari. Akiuliza, anaambiwa: "Wewe ulikuja hapa na sanduku moja." Halafu watu wa kodi wakifika, kila kidole kinamuonyesha yeye. Kwa kugawa mali mama ni mugeni, kwa kulipa deni mama ni mwenye nyumba.

Tena, sheria ya 1987 ilimukataza bibi kufanya mambo mengi mbele ya sheria bila ruhusa ya bwana. Ile ruhusa iliondolewa katika 2016 tu, na mupaka leo maandishi inasema bwana njo mukubwa wa nyumba. Karibu miaka 30 walimuambia mama asiweke pua katika biashara ya bwana. Leo wanamuuliza vitabu vya hesabu. Atavitoa wapi?

Najua, kuna wajanja. Kuna mabwana wanaoandikisha parsele kwa jina ya bibi ili Leta isiiguse, na kuna mabibi wanaojua yote na wanakula pamoja nao. Hao walipe. Njo maana hatuombi musamaha wa wote, tunaomba kila kesi ichunguzwe.

Na haiko ndoto. Ndugu zetu walio Marekani wanajua: kule bibi na bwana wakisaini pamoja tangazo moja ya kodi, kila mumoja anadaiwa yote. Ni kali. Lakini tangu sheria ya 1998, mwenye kudanganywa na mwenzake anaweza kujaza fomu 8857, aonyeshe kwamba hakujua, ao kwamba alikuwa anapigwa na kutishwa nyumbani. Anaweza kukataliwa, lakini anajua fasi ya kupeleka maneno yake. Kwetu, sheria ya 13 Machi 2003 juu ya taratibu za kodi inamupa mulipa-kodi njia ya kulalamika. Tunawaomba wabunge waandike ndani yake, kwa maneno wazi, njia ya bibi, ya mujane na ya yule aliyeachwa.

Kwa sasa, mama akigongewa, umusaidie hivi. Muombe ordre de mission ya hao watu. Muombe avis de mise en recouvrement yenye jina, namna ya kodi na mwaka. Musitoe feza kwa mukono, hata wakisema ni "ya kusaidia dosie". Andikeni barua, muunganishe akte ya ndoa, akte ya kifo, patente na risiti za mama mwenyewe, muipeleke, na kopi yenu irudi na muhuri na tarehe. Mwenye kukosa mutu wa kumuandikia barua kwa Kifaransa, atuandikie. Wenye diplome bila kazi, tuko wengi.