Azimio la Kazi Liko Wapi? Mwaka wa Sayansi wa Watoto Wetu



Leo usiku muulize mdogo wako aliye Gredi ya 5 swali moja tu: "Mwaka huu mumefanya majaribio mangapi ya sayansi?" Usimuulize mumesoma mangapi kitabuni. Muulize mumefanya mangapi kwa mikono yenu. Wengi wetu jibu twalijua kabla hajafungua mdomo.

Sisi ni hodari wa kuposti picha za Ibn al-Haytham, tukaandika chini yake "huyu ndiye babu yetu." Sawa. Lakini mzee huyo, aliyeandika Kitab al-Manazir miaka elfu moja iliyopita, alitaka kila dai kuhusu mwangaza lijaribiwe kwanza. Mtoto wa Kisauni au Majengo ambaye hajawahi kutoboa kisanduku cha viatu akaona picha ya dirisha imegeuka juu chini, jina la Ibn al-Haytham bado halijamfaa kitu.

Tukiulizwa kwa nini, twasema hakuna maabara. Kwa shule ya msingi, hicho ni kisingizio. Vifaa vingi viko jikoni na ufukweni. Kinachotukosesha ni mwaka usiopangwa.

Hebu tupige hesabu. Gredi ya 4 hadi ya 6, Sayansi na Teknolojia ina vipindi 4 kwa wiki, kila kipindi dakika 35. Kalenda ya 2025 ilikuwa na wiki 13 muhula wa kwanza, 14 wa pili na 9 wa tatu. Jumla wiki 36, vipindi 144. Ukijumlisha ni saa 84, yaani siku tatu na nusu kwa mwaka mzima! Sasa toa mapumziko ya katikati ya muhula, toa mitihani, toa michezo, toa siku ambayo mwalimu ameitwa mkutanoni. Na muhula wa tatu, ulio mfupi kuliko yote, ndio unaobeba mitihani ya mwisho. Mada ikishaambiwa "tutaifanya baadaye," hiyo imekwenda.

Ndiyo maana kuna azimio la kazi. Ni ile karatasi ya mwalimu inayosema wiki hii mada gani, jaribio gani, vifaa gani. Likinunuliwa tayari na kuwekwa failini kwa ajili ya mkaguzi, halimsaidii mtoto. Aliyeliandika hajui kwetu mvua hunyesha lini wala Ramadhani iko mwezi gani. Azimio zuri hufuata mtaala, na hapo hapo hufuata mwaka wa mahali.

Mwaka wa Pwani unaweza kwenda hivi.

Muhula wa kwanza ni wakati wa kaskazi, jua kali. Hapa ndipo mahali pa maada na joto. Weka lita moja ya maji ya bahari kwenye sinia juani, hesabuni siku hadi yakauke, kisha pimeni chumvi iliyobaki. Itakuwa kama gramu 35. Miaka hii Ramadhani nayo yaangukia muhula huu, na kila mwaka hurudi nyuma kama siku 10 au 11. Basi matembezi ya juani yafanywe Januari, na mwezi wenyewe ufanywe somo. Watoto wauchore kila jioni kuanzia siku unapoandama, huku wakiandika maji ya bahari yamejaa saa ngapi na kupwa saa ngapi. Wataona wenyewe kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Wavuvi wetu wayajua haya, lakini ni nani amewahi kuyaingiza darasani?

Muhula wa pili waja na masika. Huo ndio wakati wa viumbe hai. Pandeni kunde kwenye vikebe, kimoja juani, kimoja kabatini, kimoja bila maji. Kateni chupa ya plastiki, mpime mvua kila asubuhi. Viluwiluwi vya mbu viwekwe ndani ya chupa iliyofunikwa vizuri kwa kipande cha chandarua, mwalimu akisimamia, na maji yamwagwe kabla hawajapata mbawa. Mtoto akishaona vile maji ya kifuu yazaa mbu kwa siku chache tu, hahitaji bango la kumwonya kuhusu mbu.

Muhula wa tatu uachiwe nguvu na mashine rahisi: roda, wenzo, mkokoteni, tanga la dau. Mada chache, na marudio.

Na kuna kazi moja ya mwaka mzima isiyogharimu hata shilingi. Simika kijiti kimoja uwanjani, pimeni kivuli chake mchana mara moja kwa wiki. Mombasa, Januari kivuli cha mchana huangukia kaskazini, Juni huangukia kusini. Karibu na tarehe 10 Machi, mnamo saa sita na nusu, kijiti hakina kivuli, na hivyo tena mapema Oktoba. Mtoto aliyepima haya mwaka mzima hatasahau kwa nini kuna misimu.

Ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera watabadilisha: mvua za gu na deyr badala ya masika na vuli, ngamia badala ya samaki, kisima na roda yake. Lakini tuseme ukweli, azimio halijifundishi. Mapema 2020, baada ya mashambulizi, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaunti hizo, na madarasa yakabaki bila mwalimu. Kudai azimio la kazi na kudai mwalimu ni dai moja.

Na ni dai la haki. Kifungu cha 53 cha Katiba champa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 56 chaitaka serikali izipe jamii zilizotengwa nafasi maalum katika elimu. Kifungu cha 35 chakupa wewe raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na shule ya umma imo humo. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yaweka wawakilishi wa wazazi ndani ya bodi ya shule. Viti hivyo vipo. Swali ni nani amekaa pale, na ameuliza nini.

Basi vijana, tuna kazi tatu. Mwanzo wa muhula, nenda na mzazi wako shuleni, muombe mwalimu kwa heshima awaonyeshe azimio la sayansi. Ukiliona, uliza vifaa gani vyakosekana, kisha kusanyeni nyinyi wenyewe: chupa, mbegu, vioo, sumaku kutoka spika mbovu. Na wewe uliye chuo kikuu au uliyemaliza kidato cha nne ukisubiri, jitolee siku moja kwa wiki kumshikia mwalimu darasa la watoto 60 wakati wa jaribio.

Usiende kumgombeza mwalimu. Yeye naye amebeba mzigo peke yake muda mrefu. Nenda ukiwa na kijiti cha kupimia kivuli mkononi.

Siku tatu na nusu kwa mwaka. Tusikubali hata saa moja ipotee.

Wasalaam.