Mafuta Yaliyomo Katika Mashine ya Fundi Yametoka Wapi?



Huenda wengine wenu mtashangaa kukuta katika kijitabu cha Haki na Amani makala juu ya mashine za kuchomelea vyuma. Mmezoea kusoma humu habari za mirathi ya wajane, migogoro ya mipaka ya mashamba na rushwa. Lakini haki haikai mahakamani na katika ofisi za kata peke yake. Iko pia katika karakana ya mabati kando ya barabara, mahali ambapo vijana wetu wengi hupata riziki yao, na ambapo sisi sote, mapadre kwa walei, hufika tunapohitaji geti, dirisha la nondo, dawati la shule au kitanda cha chuma. Apitaye Ngamiani au Makorora saa za asubuhi huuona ule mwanga wa buluu ukimulika kutoka kibanda hadi kibanda. Tanga ni mji uliolelewa na chuma: reli, mitambo ya kusindika katani, kiwanda cha saruji cha Pongwe. Mafundi wengi wa leo ni warithi wa ujuzi huo, ingawa katika urithi huo hawakuachiwa vifaa wala ulinzi.

Wakati mmoja, Pasaka ikikaribia, tuliagiza madirisha ya ukumbi wa parokia kwa fundi mmoja wa mjini. Tulipokwenda kuona kazi imefikia wapi, tuliikuta mashine yake imetumbukizwa ndani ya debe kubwa lililojaa mafuta, nyaya zikitokeza juu kama mizizi ya mkoko. Kijana anayejifunza kazi, wa umri wa miaka kumi na sita hivi, alikuwa akiongeza mafuta kwa kopo, mikono yake imelowa hadi viwikoni. Tulimwuliza fundi ni mafuta gani. “Haya ni ya transfoma, Baba. Bila haya mashine inaungua.” Tukamwuliza anayanunua wapi. “Yanaletwa,” alijibu, macho yake yakiwa kwenye kazi.

Neno hilo, “yanaletwa”, halikutoka akilini mwetu. Yanaletwa na nani, kutoka wapi, na kwa gharama ya nani? Nasi tuliokuwa tukimharakisha fundi huyo amalize kabla ya Alhamisi Kuu, tulikuwa na sehemu gani katika neno hilo?

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuelewe shida ya fundi. Mashine yake nayo ni transfoma. Huupokea umeme wa volti 230 au 400, huushusha hadi kati ya volti 50 na 80, na badala yake hutoa mkondo mkubwa, pengine wa ampea 100 au 150. Mwalimu wetu wa fizikia seminarini alitukaririsha kanuni ambayo wakati ule hatukuona faida yake kwa mtu anayejiandaa kusoma teolojia: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto katika waya huongezeka mara nne. Joto hilo lazima litoke. Lisipotoka, vanishi iliyopakwa kwenye waya huungua, nyaya hugusana, na chombo kilichogharimu akiba ya miaka miwili huwa chuma chakavu kwa dakika chache. Katika karakana ya mabati, wakati wa kaskazi, hewa yenyewe imekwisha kuwa moto kabla fundi hajawasha kitu.

Njia ya kwanza ya kuipoza mashine haina bei dukani, nayo ni kuipumzisha. Mashine ya kiwandani ina kibao kinachoonyesha asilimia fulani. Kikisema, kwa mfano, 60 kwa ampea 120, maana yake ni kwamba katika kila dakika kumi mashine ichomelee dakika sita na kupumzika nne. Mashine iliyosukwa mtaani haina kibao, lakini sheria ya joto haimwulizi mtu amenunua wapi. Njia ya pili ni feni. Mashine ndogo za inveta zinazouzwa siku hizi zina feni ndani, na wengi huziua kwa kutojua: huziweka karibu na grenda, feni ikavuta vumbi la chuma na kulijaza ndani, huzifunika kwa turubai zingali moto, au huzima umeme mara tu kazi inapokwisha, ilhali feni ilihitaji dakika chache zaidi kulitoa joto lililobaki. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi ya hewa ya bahari, ambayo hula viungio vya nyaya. Kiungio kilicholiwa hupata moto hata mashine ikiwa nzima.

Njia ya tatu ni mafuta. Hatusemi kwamba kupoza kwa mafuta ni kosa. Mashine za namna hiyo hutengenezwa viwandani, zikiwa na tangi lililofungwa na mafuta safi yaliyokusudiwa kazi hiyo, ambayo huchukua joto kutoka kwenye waya na wakati uleule huzuia umeme usiruke. Tunalolilalamikia ni debe lililo wazi na mafuta yasiyojulikana asili yake. Debe wazi, chini ya cheche zinazoruka siku nzima, ni moto unaongoja siku yake. Nyaya zikigusana ndani ya mafuta, hutokea gesi zinazowaka, na debe laweza kupasuka. Na moto huo ukitokea, mtu wa kwanza hukimbilia ndoo ya maji. La hasha! Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke na kuyarusha mafuta yanayowaka juu ya watu. Tena umeme bado upo. Umeme ukatwe kwanza, kisha itumike michanga mikavu au kizimamoto cha poda. Kwa sababu hiyohiyo ya umeme, gunia bichi tunaloliona limetandikwa juu ya mashine ili kuipoza ni hatari kwa maisha ya anayelitandika. Wengine hujaza debe kwa oili chafu ya magari. Oili hiyo imebeba chembe za chuma na masizi, nayo hupitisha umeme pale inapopasa kuuzuia.

Sasa turudi kwenye “yanaletwa”. Mafuta ya transfoma hayauzwi sokoni pamoja na mafuta ya taa. Kwa miaka mingi TANESCO imekuwa ikitangaza hasara ya transfoma zinazofunguliwa usiku na kunyonywa mafuta. Transfoma iliyonyonywa haizimiki papo hapo. Huendelea kufanya kazi ikizidi kupata moto hadi waya wake uungue, kama vile ambavyo ingeungua mashine ya fundi. Yaani joto lililoondolewa karakanani limehamishiwa juu ya nguzo ya kijiji fulani. Mkoa wetu una kituo cha umeme cha Hale kilichofunguliwa mwaka 1964, na Pangani kikaongezwa kituo cha megawati 68 mwaka 1995. Hata hivyo maji yote ya mto huo hayawezi kukiwashia taa kijiji ambacho transfoma yake imeungua. Pampu ya maji husimama. Mashine ya kusaga husimama. Katika zahanati, chanjo nyingi za watoto zapaswa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Jokofu likizimika bila njia nyingine ya kulipoza, mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni huambiwa arudi wiki ijayo. Hatumjui mwizi wala yeye hamjui mama huyo, lakini kopo la yule kijana limewaunganisha.

Na kijana mwenyewe je? Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka 1929 viwanda vya ng'ambo vilitengeneza kemikali ziitwazo PCB, zilizotiwa katika transfoma kwa sababu haziwaki upesi na hazipitishi umeme. Baadaye zikabainika kuwa sumu, na Marekani ikapiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, ulizitaka nchi ziache kuzitumia katika vifaa vya umeme ifikapo 2025, na mabaki yake yashughulikiwe kwa usalama ifikapo 2028. Mwaka 2013 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hupenya ngozi, hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi, na mama humpitishia mtoto kwa maziwa yake. Si kila transfoma inazo. Lakini hata transfoma iliyojazwa mafuta ya kawaida yaweza kuwa nazo, kwa kuwa mafuta yalichanganyika wakati wa matengenezo, na hakuna jicho wala pua iwezayo kuzitambua. Ni maabara peke yake. Fundi anayesema mafuta yake ni mazuri kwa kuwa ni meupe hajui asemalo, na kijana aliyelowa hadi viwikoni hana hata nafasi ya kuuliza.

Mwaka 1968, kusini-magharibi mwa Japani, PCB iliyokuwa ikizunguka katika mabomba ya kiwanda ili kupitisha joto ilivuja na kuingia katika mafuta ya kula. Watu zaidi ya 1,800 walitambuliwa rasmi kuwa wameathirika. Ngozi zao zilitoka vipele vibaya, na watoto walizaliwa wakiwa na dalili za sumu hiyo. Twaitaja habari hii ya mbali kwa kuwa hapa kwetu debe halitupwi. Lililokuwa na mafuta ya mashine leo, kesho laweza kuwa la kuchotea maji. Na mwaka 2014 zilienea habari kutoka Kenya kwamba mafuta yaliyoibwa katika transfoma yalikuwa yakiuzwa kwa wakaanga chipsi. Mafuta yakishaingia katika biashara ya gizani, hayachagui mnunuzi.

Wapo watakaosema kwamba wizi ni kazi ya polisi na afya ni kazi ya serikali. Ni kweli, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003. Lakini ni mara ngapi mkaguzi ameonekana katika vibanda vya Ngamiani? Vijana wa mkoa wetu waliopata kazi katika ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani wameona jinsi kazi ya kuchomelea inavyopimwa na kusimamiwa. Kijana wa kibandani, asiye na mkataba, kwa kawaida jina lake halimo katika daftari la mtu yeyote. Akiungua, kinachofuata ni mchango wa majirani.

Nasi tulio wateja, tena wateja wa Kanisa, hatuna budi kujichunguza. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alidai kwamba muda wa kazi na mapumziko upimwe kulingana na aina ya kazi na nguvu za mtu, akawataja hasa wachimbaji wa migodini. Tuliusoma waraka huo seminarini tukaufanyia mtihani. Kisha tukaja parokiani, tukampunguzia fundi bei ya madirisha kwa theluthi moja na kumpa siku tano kwa kazi ya siku kumi. Siku tano hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika zile dakika nne za mapumziko ya mashine. Mashine isiyopumzishwa lazima itafutiwe mafuta, na mafuta ya bei ambayo fundi wetu aliweza kulipa ni yale “yanayoletwa”. Wizi ni wizi, na fundi hawezi kuoshwa kabisa. Lakini tusijifanye kwamba sisi tulikuwa tukipita njia tu.

Tulirudi kwa fundi huyo, safari hii bila kumharakisha. Alitueleza kwamba feni kubwa ya kupuliza ubavuni mwa mashine angeweza kuinunua kwa faida ya kazi mbili, kama kazi hizo zingelipwa kwa wakati. (Parokia yetu ilikuwa bado inadaiwa naye salio la madirisha. Tulilipa siku ileile, kwa aibu.) Sasa amefunga feni hiyo na kuweka swichi ndogo inayojikata joto likizidi. Mafuta ya zamani hakuyamwaga mtaroni, kwa sababu mtaro wetu huishia kwenye mikoko na samaki tunaowala hutoka huko. Ameyaweka katika pipa lenye mfuniko, mbali na vyombo vya chakula, akaandika juu yake kwa rangi nyekundu, na tunafuatana naye kwa ofisa mazingira wa halmashauri ili tupate maelekezo. Kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo ambao katika eneo lao kuna karakana, ombi letu ni dogo: nendeni mkaulize swali lililo juu ya makala haya, kwa upole, na baada ya kulipa madeni.

Tumempa fundi kazi nyingine, geti la makaburi. Ameomba siku kumi na nne. Halmashauri ya Walei ilitaka saba, ili liwe tayari kabla ya Siku ya Marehemu Wote. Tumempa kumi na nne.