Jini wa Runinga na Jini wa Kipaza Sauti



Katika vijiji vya delta ya Rufiji, na katika mji wa Kibiti wenyewe, kibanda cha video kimekuwa baraza la vijana. Pasipofika nguzo za umeme, jenereta au umeme wa jua huiwasha runinga, na watu hukaa juu ya magogo na madumu kutazama. Picha za majini ni miongoni mwa zinazopendwa sana. Mwongozaji Mussa Banzi alikuwa mmoja wa waliofungua njia hiyo hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa filamu za Nsyuka na Shumileta. Hii ya pili ni habari ya jini wa kike ampendaye binadamu. Kompyuta ya mhariri ndiyo imfanyayo jini atoweke ghafla, na watazamaji wanalijua hilo. Hupiga kelele za hofu, kisha hucheka. Siku hizi vichekesho vya namna hiyo husambaa kwa simu za kiganjani: jini ashindwaye kutumia simu, au mchawi ambaye ungo wake umeishiwa mafuta angani.

Baadhi ya wazazi wametaka kanisa lilaani mambo haya. Sisi hatuoni sababu. Bibi zetu walitusimulia mazimwi jioni, tukaogopa na kucheka, wala hakuna aliyedhurika. Amchekaye jini amekwisha kumpunguzia ukubwa. Tunachokihofia ni jini atokaye kwenye kioo na kuvikwa sura ya jirani.

Jambo hili si geni, na kila zama humpa pepo chombo kipya. Wakati wa ukoloni, watu wa miji ya Afrika Mashariki walisadiki kwamba magari ya zimamoto yalitumika kukamata watu na kuwanyonya damu; ndipo majina ya mumiani na wazimamoto yakatisha watoto na watu wazima. Mwaka 1995 Popobawa alivuma Pemba, akavuka hadi Unguja na Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi. Katika mji wa Zanzibar, mtu mwenye maradhi ya akili alipigwa na umati hadi akafa, kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Yule marehemu hakuwa na bawa. Alikuwa mgonjwa.

Tarehe 1 Oktoba 2016, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walifika katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Walikuwa wakichukua sampuli za udongo. Ikapigwa yowe kwamba ni wanyonya damu. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba habari hiyo ilitangazwa kwa kipaza sauti cha kanisa. Wote watatu waliuawa, na gari lao likachomwa moto. Tunawaomba viongozi wa walei waisome tena sentensi ile ya kipaza sauti. Chombo kilichonunuliwa kwa michango ya waamini ili kuita watu kwenye sala kiliweza, kwa dakika chache, kuita watu kwenye mauaji.

Na huku kwetu? Kati ya mwaka 2015 na 2017, watu zaidi ya 30 waliuawa katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, wengi wao wakiwa viongozi wa vijiji na askari polisi. Askari wanane waliuawa siku moja, tarehe 13 Aprili 2017, huko Mkengeni. Wauaji walipewa jina la “watu wasiojulikana”, na jina hilo, tukilitazama vema, ni jina la jini: halina uso, halina baba wala mama, wala haliwezi kufikishwa mahakamani. Tarehe 21 Novemba mwaka huo huo, mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa ameandika juu ya mauaji hayo, alitoweka Kibiti, na hajaonekana hadi leo. Mtu hatoweki kwa ufundi wa kompyuta. Kuna aliyemchukua, na familia yake ina haki ya kuelezwa. Anayesema “ni mambo ya mashetani tu” huwafungulia mlango wahalifu wenye miguu miwili wapite.

Mtatuuliza kama padre anakana kuwapo kwa shetani. La hasha. Lakini Kanisa lenyewe, katika Sheria ya Kanuni namba 1172, halimruhusu padre yeyote kumpunga mtu pepo bila idhini ya pekee na ya wazi ya askofu wa mahali, na idhini hiyo hupewa padre mwenye ibada, elimu, busara na uadilifu wa maisha. Utaratibu wa mwaka 1999 unamtaka achunguze kwa makini kwanza, asije akamdhania mgonjwa kuwa amepagawa. Ikiwa padre amewekewa breki hizo, itakuwaje mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo asambaze kwa simu sauti ya mtu asiyemjua, inayodai kwamba gari jeupe linakusanya watoto?

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Tangazo lolote la hatari lisisomwe kanisani kabla ya mtangazaji kumwona kwa macho yake shahidi, au mtendaji wa kijiji. Wageni wenye vipimo, wa afya, udongo au mikoko, wapelekwe ofisi ya kijiji, wasizingirwe njiani. Sisi Wakristo ni wachache katika delta, basi tuzungumze mapema na masheikh na maimamu ili misikiti nayo ifuate utaratibu huo huo, maana uvumi hauulizi dini.

Na vibanda vya video vibaki wazi. Mwenye kibanda aangaliwe tu kwamba haruhusu watoto kuingia saa za masomo.